Hafla ya shule bila punda, je hela itapatikana?

Swali lenyewe ni hili, nimelifupisha kidogo: "Daktari shikamoo. Niko kamati ya wazazi shuleni kwa mwanangu. Kila mwaka tunakodi punda, walimu wanawapanda na kucheza basketi ndani ya ukumbi, na tiketi zinaisha zote. Mwaka huu wameongeza mawili, samaki wa dhahabu kama zawadi kwenye vibanda vya michezo, halafu mwalimu mkuu atabusu kitoto cha nguruwe tukifikisha lengo. Roho inaniuma ila nikifungua mdomo nitaonekana natia kitumbua mchanga, na kweli shule inahitaji hela. Niseme nini, na tuweke nini badala yake?"

Marahaba dada yangu. Nimeisoma barua yako mara mbili na kilichonigusa sio punda, ni pale uliposema ukifungua mdomo. Mimi ni daktari wa wanyama lakini pia nimekaa kamati ya wazazi miaka sita, na nilishawahi kuitwa nisimamie mchezo wa punda kama huo wenu, nikakaa pembeni na mkoba wangu, nikaona kila kitu, sikusema neno, nikanywa soda yao nikarudi nyumbani. Kwa hiyo sina ubavu wa kukuhubiria. Nitakwambia ninachokijua na namna ambayo imewahi kufanya kazi, basi.

Kwanza kuna kitu kimoja ambacho ukikishika mengine yanajipanga yenyewe. Watu hawaji kumwona punda. Muulize mzazi yeyote aliyekuja mwaka jana anakumbuka nini, atakusimulia ticha wa hesabu alivyoporomoka akabaki amekaa chini katikati ya uwanja, atakusimulia mwalimu mkuu alivyovutana na kamba huku suruali inashuka, lakini muulize punda wa kushoto alikuwa na rangi gani uone kama atakumbuka. Kinachouza tiketi ni mtu mzima ambaye mwaka mzima anaogopwa, leo kakubali kuchekwa. Punda pale ni kiti tu. Ukishaelewa hivo, kazi yako inakuwa kukibadilisha kiti, kicheko kinabaki palepale.

Sasa nikueleze kwa nini kiti chenyewe kibadilishwe, maana kwenye kikao lazima mtu atasema "mbona punda wenyewe wametulia tu". Hilo ndo tatizo lenyewe. Farasi akiogopa anakimbia, kila mtu anaona kaogopa. Punda asili yake ni nchi kavu za kaskazini mashariki mwa Afrika, na akiogopa mara nyingi anaganda, anasimama kama nguzo anapima kwanza kama hapa pana usalama. Watu wanamwita mkaidi. Kwa hiyo kwenye ule ukumbi wenye mwangwi, spika zinapiga, watoto mia tatu wanapiga kelele, yeye mwenye masikio yale unayoyajua, anaganda, na mtu aliye juu yake ambaye hajawahi kupanda mnyama maishani anamvuta kamba, mwingine anamsukuma nyuma, ukumbi unalipuka kwa kicheko. Hapo mnyama aliyeogopa anasukumwa kwa sababu ameogopa, na watoto wanafundishwa kwamba hicho ni kichekesho. Punda pia ni bingwa wa kuficha maumivu, sisi tunaowatibu tunalijua hilo vizuri, akishaanza kuonyesha kwamba anaumwa ujue ameumwa muda.

Halafu kuna uzito. Donkey Sanctuary, lile shirika la Uingereza linalohudumia punda, kikomo chao kwa mtu wa kumpanda punda ni kama kilo 50. Hesabu sasa walimu wenu. Mimi mwenyewe nina kilo 84 na ticha wenu wa michezo sidhani ni mwembamba kuliko mimi. Weka na sakafu ya ukumbi ambayo ni laini kwato zinateleza, ndo maana wanavalishwa viatu vya mpira, ambavyo kazi yake kubwa ni kuilinda sakafu.

Na kuna jambo la kitabibu ambalo watu wengi hawalijui. Punda akipata msongo mkubwa, safari ndefu kwenye lori, kutenganishwa na mwenzake aliyemzoea, anaweza kugoma kula, na punda akigoma kula mwili unaanza kuyeyusha mafuta yake kwa kasi hadi damu inajaa mafuta na ini linazidiwa. Ni ugonjwa unaoua, na unaanza siku kadhaa baadaye, wakati nyinyi mshahesabu hela na kufagia ukumbi. Nani ataunganisha? Hakuna. Wahenga walisema punda afe mzigo wa bwana ufike, nadhani hawakuwa na kamati ya wazazi akilini lakini ndo hivo.

Nguruwe nitapita haraka. Kitoto cha nguruwe kikiinuliwa miguu ikaacha ardhi kinapiga ukelele, maana kwa mnyama mdogo kama yule kunyanyuliwa juu ni kukamatwa kuliwa, ile sauti inazidi desibeli 100 na sio ya furaha. Lakini kwenye kikao usianze na hilo, anza na afya. Mafua ya nguruwe yanahama kwenda kwa watu na ya watu yanahama kwenda kwa nguruwe. Mwaka 2012 kule Marekani, kwenye msimu wa maonesho ya kilimo, waligundua watu zaidi ya 300 wameambukizwa aina moja ya mafua ya nguruwe, na wengi wao walikuwa watoto waliokaa karibu na nguruwe kwenye hayo maonesho. Sasa wewe unataka mwalimu mkuu aweke mdomo wake pale mbele ya shule nzima halafu kesho yake aingie madarasani, kweli jamani?

Samaki ndo nataka nikae napo, maana hapo watu wanaona "ah samaki tu". Samaki wa dhahabu sio ua la kukata. Akitunzwa vizuri anaishi miaka kumi, ishirini, na kuna mmoja anaitwa Tish, huyu ni maarufu kwenye vitabu vya rekodi, alikufa mwaka 1999 akiwa na miaka 43. Unajua alipatikana wapi? Alikuwa zawadi ya kibanda cha michezo kwenye gulio la Uingereza mwaka 1956. Yaani mtoto alirusha kitu akashinda samaki, na yule samaki akaishi hadi mtoto akawa mzee wa makamo. Kila mara nikimtaja Tish kuna mtu anasema "umeona, wanaishi!" Hapana bwana, Tish anakwambia kila samaki wa kwenye ule mfuko wa plastiki angeweza kufika huko, wenzake wote wako wapi?

Wengi wanakufa wiki ya kwanza na sababu ni kemia tu. Samaki anatoa amonia kupitia mashavu yake, masaa yote. Kwenye tangi lililokaa sawa kuna bakteria wanaoigeuza ile amonia kuwa kitu kisicho na makali sana, lakini hao bakteria wanahitaji kama wiki nne hadi sita kujijenga kwenye filta ya tangi jipya. Mtoto wako anafika nyumbani saa moja usiku na samaki kwenye mfuko, hakuna tangi, hakuna filta, kuna bakuli la kioo au jagi. Samaki anaanza kuogelea kwenye sumu yake mwenyewe. Siku ya tatu yuko juu ya maji kinywa kinafunguka na kufunga, mtoto anasema samaki anaongea. Siku ya tano mama anasema "amelala". Nimepokea simu za namna hii nyingi na zote zinafanana, na mzazi anayepiga huwa hakumwomba huyo samaki, ameletewa tu na hafla ya shule.

Wale wanaopona nao wana kisa chao. Mtoto akichoka, familia inamwachia ziwani wakidhani wamemfanyia hisani. Mwaka 2021 mji wa Burnsville kule Minnesota ulitoa picha za samaki wa dhahabu waliovuliwa kwenye ziwa lao, wamekuwa wakubwa kama mpira wa rugby, wakaomba watu waache kuwatupa humo maana wanachimbua matope ya chini na kuharibu maji. Kwahiyo akifa ni tatizo, asipokufa ni tatizo.

Sheria nayo ina la kusema, kwa mfano England na Wales sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2006 inakataza kumpa mtoto chini ya miaka 16 mnyama kama zawadi akiwa peke yake bila mtu mzima, na Scotland mwaka huohuo wakaenda mbali zaidi wakazuia wanyama kuwa zawadi, labda iwe ndani ya familia. Angalia na sheria za mahali ulipo kabla ya kikao, ukiingia na kifungu mkononi hakuna atakayekwambia una huruma za kupitiliza.

Kuna mtu atapendekeza kona ya wanyama wa kushikashika, mbuzi na ndama na vifaranga, akidhani hiyo ndo njia ya kati. Mwambie ahsante lakini hapana. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wanabeba tumboni bakteria aina ya E. coli O157 bila wao kuumwa hata kidogo, na mtoto mdogo anahitaji kumeza vijidudu vichache mno ili aumwe, na kwa baadhi yao ugonjwa unashuka hadi kwenye figo. Mwaka 2009 shamba moja la kutembelewa na watoto huko Surrey, Uingereza, liliacha wagonjwa 93. Mwaka 2015 jimbo la Washington kule Marekani kulikuwa na sherehe ya maziwa ya wanafunzi wa darasa la kwanza, zaidi ya watoto elfu moja walipelekwa kwenye banda, na baadaye wakahesabiwa wagonjwa 60. Hawakuwa watu wazembe, ilikuwa siku nzuri tu ya shule. Na ile jeli ya mikono haimalizi kazi, ni sabuni na maji yanayotiririka, ambavyo kwenye hafla yenu mtavipata chooni tu na foleni yake unaijua.

Haya, hela sasa, maana najua hapa ndo mhazini anakaa vizuri kwenye kiti.

Omba kitabu cha mwaka jana. Usiangalie kiasi kilichoingia mlangoni, angalia kilichobaki baada ya mwenye punda kuchukua chake, maana wenye punda hawaji bure, wanataka ada ya kuja au sehemu ya mlango, wengine vyote viwili. Toa na usafiri wao kama mnaulipia, toa usafi wa ukumbi, toa matengenezo ya sakafu kama yapo, toa bima. Bima hiyo isome kabisa neno kwa neno, maana shughuli za wanyama mara nyingi zina masharti yake na kuna shule zimegundua hazikuwa zimekingwa baada ya mtu kuvunjika mkono. Mimi kwenye ile kamati yangu tulipofanya hii hesabu mara ya kwanza mezani kukawa kimya, kumbe kitu tulichokiita mtaji mkubwa wa mwaka kilikuwa kinampa hela mtu wa nje kuliko shule. Sikwambii kwenu itakuwa hivohivo, nakwambia fanya hesabu.

Badala ya punda mimi napenda basketi ya viti vya magurudumu, na nitakwambia kwa nini naiweka mbele ya zote. Ni mchezo wa kweli, ulianza miaka ya 1940 kwa wanajeshi wa Marekani waliorudi vitani wakiwa wameumia, na umo kwenye Paralimpiki tangu ile ya kwanza ya Roma mwaka 1960. Goli liko juu vilevile, mita 3.05, na kuna sheria ya kusukuma magurudumu mara mbili tu kisha lazima udunde mpira, ambayo ndo inawamaliza wanaojaribu mara ya kwanza. Unachofanya, unatafuta klabu ya mchezo huo iliyo karibu, unawaalika wacheze na walimu wenu, klabu inakuja na viti vyake, unawalipa kwa heshima kutoka kwenye mlango. Ticha wa michezo anayejidai ataishia kuzunguka kama pia wakati binti wa klabu anampita mara tatu na kufunga. Kicheko kipo, na safari hii kinatoka kwa walimu kushindwa na watu wanaojua kazi yao.

Ila hapa nakuonya jambo. Msichukue viti vya hospitali vya kuazima halafu walimu wakajigeuza vilema wa kuchekesha, hapo mtakuwa mmeacha kumdhihaki punda mkaanza kuwadhihaki watu, ni bora hata mngebaki na punda. Klabu iwe ndo mwenyeji wa mchezo, wao waeleze sheria, wao wapange timu, ikiwezekana wachanganywe kila upande. Kama hamna klabu karibu achana nalo, kuna mengine.

Na mengine ni haya. Kama hafla yenu imeshazoeleka kwa jina la punda na watu wanalipenda jina, msilitupe! Shoneni mavazi ya punda, yale ya watu wawili, mmoja kichwa mmoja matako, walimu wacheze mpira humo ndani. Nimeliona hili kwa macho yangu na nakuapia sijawahi kucheka namna ile, nyuma haioni mbele inakokwenda, mkia unakanyagwa, na mwalimu mkuu akatangazwa kwamba yeye ndo matako, ukumbi ukaanguka. Nguo zinakaa miaka kumi. Mwaka wa pili mnapiga mnada nani aingie upande gani, wazazi wanapandishiana bei ili mwalimu wa nidhamu awe nyuma.

Kwa upande wa kumbusu nguruwe, bakizeni kila kitu isipokuwa nguruwe. Lengo likifika mwalimu mkuu ananyolewa jukwaani, au anapakwa rangi nywele na darasa lililochangisha zaidi, au analala usiku mmoja juu ya paa la shule na asubuhi watoto wanamkuta na blanketi (paa liwe tambarare na awe na mwenzake tafadhali, tusije tukahamisha ajali kutoka kwa mnyama tukaipeleka kwa mwalimu). Kuna lile tangi la maji, mtu anakaa juu ya kibao, unarusha mpira ukilenga shabaha kibao kinafyatuka anatumbukia. Kila mrusho tiketi moja. Mwalimu mwenye sura ya kazi ndo anayeingiza hela zaidi, na hilo ni siri ya biashara usimwambie.

Samaki mbadala wake ni rahisi kuliko vyote, zawadi ya kibanda mtoto haihesabu thamani yake, anahesabu kwamba kashinda. Mche mdogo kwenye kopo ambao darasa la sayansi limeupanda wenyewe miezi miwili kabla unapendwa sana, na vitabu vilivyotumika vilivyofungwa kwenye karatasi asijue ni kipi, na vocha kama ya "leo sifanyi homework" yenye sahihi ya mwalimu. Hiyo ya mwisho haina gharama yoyote na nimeona watoto wakipanga foleni mara nne.

Wale wa bingo ya ng'ombe, ambayo mnachora viwanja vya namba uwanjani halafu ng'ombe anaachiwa na watu wanasubiri atanyea namba gani, hamkuitaja lakini najua mwakani mtu ataileta. Ng'ombe ni mnyama wa kundi, peke yake katikati ya watu wanaopiga kelele hana raha. Chora viwanja vilevile, uza namba vilevile, funga macho mwalimu mmoja mzungushe mara kumi halafu atembee, anapoangukia ndo mshindi. Kama kuna kijito cha maji kilicho salama, bata wa plastiki wenye namba wanashindana kushuka nao, ila tandikeni wavu mwisho wa mbio na mhesabu bata wote, msije mkaacha takataka mtoni kwa jina la huruma.

Lakini nikuambie ukweli wa mtu aliyekaa na mhazini, kinacholeta hela nyingi kwa gharama ndogo sio hafla za vichekesho hata kidogo, ni matembezi na kusoma. Watoto wanatembea mizunguko ya uwanja, au wanasoma vitabu kwa wiki tatu, na ndugu na majirani wanaahidi kiasi. Hakuna cha kukodi, karibu hela yote inabaki shuleni. Kuna mambo mawili ya kuangalia. Ahadi iwe ya kiasi kimoja kinachojulikana badala ya kwa kila mzunguko, maana ukisema kwa kila mzunguko babu anaahidi kwa furaha halafu mjukuu anazunguka mara 40 babu anaacha kupokea simu, na pia hela ikusanywe wiki hiyohiyo. La pili, msimpe zawadi mtoto aliyeleta hela nyingi. Hiyo inampa zawadi mtoto mwenye shangazi tajiri, na yule ambaye kwao hakuna atarudi nyumbani kichwa chini. Lengo liwe la darasa au la shule nzima, mkifika mnafurahi wote, na hapo ndo unamleta mwalimu mkuu na mashine ya kunyolea.

Na kama wazazi wenu wamechoka, na wengi wamechoka, tumeni barua ya mwaliko wa hafla isiyokuwepo. "Tunakualika usije. Hutahitaji kuvaa, hutasimama foleni, hutauza tiketi ofisini kwako. Tuma tu kile ambacho ungetumia usiku ule." Watu wanacheka na wanatuma. Sio kila mwaka lakini, utani ukirudiwa unachuja.

Turudi kwako na mdomo wako. Usilete jambo hili kikaoni kwa mara ya kwanza mbele ya watu kumi na tano, hapo kila mtu atalinda upande wake. Tafuta yule mzazi ambaye punda ni mradi wake, kila kamati ina mmoja, ndo anayemjua mwenye punda, ndo anayeshika mikrofoni siku ile. Nenda kwake kwanza peke yako. Usimwambie ni mkatili maana sio mkatili, ni mtu anayejitolea usiku wake kwa ajili ya shule wakati wengine wamelala. Mwambie unataka kujaribu kitu mwaka mmoja tu na yeye ndo abaki na mikrofoni. Watu wengi wanachopigania ni ile mikrofoni, punda hawajali sana. Nilichelewa miaka miwili kuligundua hili.

Kikaoni beba karatasi moja tu. Upande mmoja hesabu ya mwaka jana, kilichobaki kweli, upande mwingine hesabu ya mpango wako na majina ya wazazi watatu ambao tayari wamekubali kufanya kazi. Neno "jaribio la mwaka mmoja" litumie mara nyingi, linawatuliza watu. Ukiulizwa kuhusu wanyama jibu kwa kifupi, uzito, afya ya watoto, bima, halafu rudi kwenye karatasi. Na watoto usiwatume wakaandamane kabla, ila wakijitokeza wenyewe usiwazuie, mimi kwetu barua ya watoto wa darasa la nne kuhusu samaki ndo iliyomaliza mjadala, kamati nzima haikuwa na jibu.

Kama mkataba wa mwaka huu mshasaini na amana haitarudi, hapo sikushauri ususe. Baki ndani upunguze. Omba daktari wa mifugo awepo na apewe mamlaka ya kusimamisha mchezo, sio kukaa pembeni na soda kama mimi. Uzito wa mpandaji uwe na kikomo kinachoandikwa, walimu wakubwa watembee pembeni bila kupanda, hakuna kuvuta mkia, kuvuta masikio, kuchapa, wala muziki wa spika. Muulize mwenye punda wanyama walipewa maji saa ngapi kwa mara ya mwisho, maana wapo wanaowanyima maji na chakula kabla ya mchezo ili wasichafue sakafu, na akijikanyaga kwenye jibu umeshapata jibu. Punda wawili waliozoeana wasitenganishwe kwenye usafiri. Wakati huohuo samaki na nguruwe waondoeni mwaka huuhuu kwa sababu hao hamjawalipia bado, na kuondoa kitu kipya ni rahisi kuliko kuondoa mazoea. Halafu azimio la mwakani liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, sentensi moja inatosha, kwamba shule haitatumia wala kutoa wanyama hai kwenye shughuli za kuchangisha. Iandikwe kabisa, maana kamati zinabadilika na mzazi mpya atakuja na wazo la bata.

Na usipige picha za punda wa mwaka huu ukazirusha kwenye grup la wazazi na maneno makali. Najua kishawishi kipo. Yule wa mikrofoni umeshamkosa siku hiyo, na bila yeye hayo mavazi ya punda nani atayatangaza.

Ukipata hicho kitabu cha mhazini anza na safu ya matumizi, risiti ya usafi wa ukumbi huwa wanaiweka mafungu mengine kabisa, itafute.